Super au petroli ya bei ya juu? Ulinganisho kwa mwenye SUV ya zamani, kutoka Nakuru hadi Kisumu

"Boss, V-Power ama Super?" Utaulizwa hivyo Kondele kule Kisumu, utaulizwa Kenyatta Avenue pale Nakuru, na mhudumu ameshashika mpira wa pampu kabla hujafungua mdomo. Mwenye Vitz hujibu papo hapo. Mwenye Prado ya mwaka 2000, au Forester yenye tundu la hewa juu ya boneti, husita. Fundi wake wa kwanza alimwambia petroli ghali huenda mbali, wa pili akamwambia hiyo ni kumwaga pesa. Inawezekana wote wawili walisema kweli, kila mmoja akiwa na gari lake kichwani.

Msimamo wangu ni huu: SUV nyingi za zamani zisizo na turbo, zinazozunguka huku kwetu kati ya Nakuru na Kisumu, hazihitaji zaidi ya Super. Zile za turbo ambazo Wajapani waliziandikia premium, yaani petroli ya okteni kubwa, zinaihitaji kweli, na kuzinyima ni kuziumiza. Ama gari likianza kunywa mafuta kupita kawaida, okteni iwe kitu cha mwisho kushuku.

Unanunua nini hasa

Super ndiyo petroli ya kawaida Kenya. Zamani palikuwa na Regular pia, ikatoweka, jina la Super likabaki ingawa hakuna tena cha kulilinganisha nalo. Bei yake ya juu kabisa hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika tarehe 15, pamoja na ya dizeli na mafuta taa. Bei hiyo hutofautiana kidogo mji kwa mji.

Petroli za bei ya juu, kama V-Power na Excellium, hazimo kwenye orodha hiyo ya EPRA. Kampuni hujipangia. Kwa hiyo pengo kati yake na Super si la kudumu, na hesabu iliyokupa faida mwezi uliopita inaweza kukupa hasara mwezi huu.

Tena petroli za bei ya juu si kitu kimoja. Kuna ambayo okteni yake ni kubwa kuliko ya Super, na kuna ambayo kimsingi ni Super iliyotiwa dawa ya kusafisha nozeli na vali. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini haiongezi okteni. Uliza namba ya RON, yaani kipimo cha okteni, kabla ya kulipa. Kama mhudumu haijui, mwite meneja wa kituo. Kama naye anakwambia tu "hii iko na nguvu", weka Super uende zako.

Maana okteni si nguvu. Ni ustahimilivu. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na kupashwa joto, ukingoje cheche ya plagi. Petroli ya okteni ndogo ikibanwa sana hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na pistoni hupigwa kwa kishindo. Hapo ndipo unaposikia injini ikilia kama kopo lenye kokoto ukikanyaga mafuta mlimani. Petroli ya okteni kubwa husubiri. Basi. Lita ya okteni kubwa na lita ya okteni ndogo zikiungua hutoa joto linalokaribiana sana, hivyo injini ambayo haikuwa ikigonga haina cha kufaidi kwa petroli inayozuia kugonga.

(Wazee wa Kisumu watakumbuka gasohol ya miaka ya 1980, petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Spiriti hiyo huongeza okteni, lakini lita yake ina joto pungufu. Ushahidi mzuri kwamba hivyo viwili havitembei pamoja.)

Soma kifuniko kabla ya kumsikiliza mtu

Fungua kifuniko cha tangi. Kwa gari lililotoka Japani kwa kawaida utakuta kibandiko, mara nyingi kimepauka kwa jua. Ukiona 無鉛プレミアム au ハイオク, gari lako liliandikiwa premium. Ukiona レギュラー, liliandikiwa ya kawaida. Piga picha kwa simu uilinganishe na herufi hizi. Usikisie.

Sasa namba. Kiwango cha Japani kinataka petroli yao ya kawaida isipungue RON 89, na premium isipungue RON 96. Super yetu huivuka 89 bila jasho. Lakini haikuahidi mtu 96. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa ulinganisho huu wote: gari la "kawaida" la Japani likinywa Super limepata zaidi ya lilichoomba, gari la "premium" likinywa Super limepunjwa.

Magari ya Ulaya, yaani Freelander, X5 na wenzao, mengi huandikwa 95 au 98 kwa namba, kwa hiyo hakuna fumbo. Wanaochanganyikiwa ni wale wanaopakua kitabu cha mmiliki cha Marekani kwenye simu, wakasoma "87", wakadhani wana ruhusa ya kuweka chochote. Wamarekani hupima kwa wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni kama RON 91 ya kwetu. 91 yao inakaribia 95 au 96.

Haya hapa magari ninayoulizwa mara nyingi:

| Gari | Injini | Japani walisema | Huku weka |
|---|---|---|---|
| Prado 2.7 (J90, J120) | 3RZ-FE, 2TR-FE | Kawaida | Super |
| X-Trail T30, 2.0 | QR20DE | Kawaida | Super |
| X-Trail T30 GT | SR20VET, turbo | Premium | RON 95 au zaidi |
| RAV4 ya 2000 hadi 2005, 2.0 D-4 | 1AZ-FSE | Kawaida | Super |
| Forester SG5 bila turbo | EJ20 | Kawaida | Super |
| Forester SG5 yenye turbo | EJ205 | Premium | RON 95 au zaidi |

Usidanganywe na mtu anayetazama mgandamizo peke yake, yaani jinsi pistoni inavyobana mchanganyiko ndani ya silinda. Prado ya 3RZ ina mgandamizo wa 9.5 kwa 1, Forester ya EJ205 ina mdogo kuliko huo, na bado Forester ndiyo inayodai petroli ghali. Turbo inaisukumia hewa kwa nguvu, kwa hiyo mgandamizo wake ni mwanzo tu wa hesabu. Kwa Forester za SG, tundu la hewa juu ya boneti ndilo alama ya haraka ya turbo, ila hakikisha kuna turbo kweli chini yake. Boneti hubadilishwa.

Kuhusu RAV4 ya D-4, na Pajero iO ya GDI vilevile: injini hizi hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haigusi migongo ya vali za kuingiza hewa. Sasa dawa ya kusafisha unayoilipia itazisafisha vipi? Nozeli itazisaidia, vali hapana. Masizi ya vali za D-4 huondolewa kwa mkono wa fundi.

Mwinuko unamsaidia nani

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Shinikizo la hewa Nakuru ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa, Kisumu kama 88. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu. Hewa ikiwa nyepesi, kinachobanwa ni kidogo, na haja ya okteni hushuka. Ndiyo maana baadhi ya majimbo ya milimani ya Marekani huuza petroli ya okteni ndogo kuliko ya pwani.

Kwa Prado ya 2.7 hiyo ni zawadi. Ile Super ambayo ingetosha Mombasa inatosha na kubaki Nakuru. Nguvu inapungua kweli ukiwa juu, na hapo ndipo wengi hukimbilia V-Power wakidhani gari linadai petroli. Linadai hewa, na hewa haiuzwi kwenye pampu.

Turbo ni habari nyingine. Kazi yake ni kufidia hewa nyepesi, hivyo ndani ya silinda za Forester ya turbo mambo hayapoi kwa kiasi kile kile. Mwenye turbo asijifariji na baridi ya Njoro. Na hata asiye na turbo, siku akipeleka familia Mombasa na mizigo juu ya paa, joto la nyuzi 33 na hewa nzito, asikilize injini upya. Gari lisilogonga Nakuru linaweza kugonga kule.

Shilingi kwa kilomita

Lita haikufikishi popote, kilomita ndiyo unayonunua. Tuchukulie Super ni shilingi 180 na petroli ghali ni 200. Badilisha namba kwa bei za mwezi wako.

Prado yenye kwenda kilomita 8 kwa lita hula shilingi 22.50 kwa kilomita ikiwa na Super. Kwa petroli ghali, ikienda vile vile, ni shilingi 25. Ili zilingane, petroli ghali ingebidi ifikishe gari karibu kilomita 8.9 kwa lita, yaani ongezeko la asilimia 11. Je, linawezekana? Mwaka 2017 AAA, chama cha waendesha magari cha Marekani, kilipima magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza premium bila kuilazimisha. Wastani wa ongezeko ulikuwa asilimia 2.7. Hayo ni magari yanayopendekezewa. Yale ya kawaida, chama hicho kilipoyapima mwaka uliotangulia, hayakuonyesha faida ya maana.

Iweke barabarani. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 185. Kwa Super, Prado yetu itakula shilingi 4,160 hivi. Kwa petroli ghali, hata tukiikopesha ile asilimia 2.7 isiyoistahili, ni kama 4,500. Umetoa shilingi 340 za bure kwenda tu, na bado hujarudi.

Mwenye Forester ya turbo afanye hesabu kwa jicho tofauti. Akiweka Super, kompyuta ya gari husikia dalili za kugonga na kuchelewesha cheche ili kuokoa pistoni. Injini haifi siku hiyo. Inakuwa nzito, inakanyagwa zaidi, moshi unatoka moto zaidi, na sehemu ya akiba ya bei inaliwa humo humo. Pengine bado shilingi zitaonyesha Super ni nafuu kidogo. Lakini pistoni iliyopasuka haimo kwenye hesabu ya shilingi kwa kilomita, na injini ya Subaru ukiifungua unajua bei yake. Hapa sibishani: RON 95 au zaidi.

Kinachokunywa mafuta yako

Sehemu hii ndiyo ningetaka isomwe mara mbili, maana wenye kuniuliza habari za okteni wengi wana tatizo lililo hapa.

Anza na thamostati. Gari likichemka, kuna mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kuing'oa thamostati na kuitupa: "Hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Ina kazi. Huyazuia maji yasizunguke kwenda redieta mpaka injini ifike joto lake, kama nyuzi 82 kwa Toyota nyingi. Ukiing'oa, kompyuta hudhani injini bado ni ya asubuhi na kuendelea kumwaga petroli ya kuamshia gari. Kujipima ni rahisi: teremka kutoka Mau Summit kwenda Nakuru asubuhi ya baridi, ukiwa umeachia mafuta pale Sachangwan, na utazame mshale wa joto. Ukishuka chini ya kawaida yake na kupanda tena ukifika tambarare ya Salgaa, ama thamostati imekwama wazi ama haipo kabisa. Mpya haizidi shilingi elfu chache. Na tatizo lililolichemsha gari litafutwe lenyewe, redieta iliyoziba au feni iliyokufa.

Pili, sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Serikali ya Marekani, katika ushauri wake kwa madereva, inasema kurekebisha hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuboresha mwendo wa mafuta hadi asilimia 40. Hakuna petroli duniani itakayokupa hivyo. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, usizibe kwa karatasi ya gundi. Tafuta mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Presha ya tairi inasemwa sana, na ni kweli, lakini kipimo chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: kama asilimia 0.2 kwa kila psi moja inayopungua kwenye tairi zote nne. Tairi zikipungukiwa psi 10, umepoteza asilimia 2. Tairi pana za kukwangua matope, zilizowekwa kwa ajili ya urembo wa Instagram, hula zaidi ya hapo. Breki inayokwaruza, keria tupu juu ya paa, gia ya O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki) iliyozimwa ikasahaulika, hizo nazo. Kichujio cha hewa kichafu? Kwa gari la kabureta, ndiyo, kinakunywesha. Kwa la sindano, yaani la nozeli, kinapunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza ulaji. Kibadilishe, lakini usitarajie muujiza.

Chupa za kuongeza okteni sizipendi. Soma lebo: zinazojitapa kwa "pointi 3" mara nyingi zinamaanisha 0.3, kwa mfano kutoka 93 hadi 93.3.

Kituo ni muhimu kuliko jina la petroli

Super safi inaishinda premium iliyochakachuliwa. Mafuta taa yakiingia kwenye petroli, okteni huporomoka. Tangu mwaka 2018 kuna tozo ya shilingi 18 kwa lita kwenye mafuta taa, iliyowekwa makusudi kupunguza tamaa ya kuyachanganya, na EPRA hupima sampuli vituoni. Bado, gari lililokuwa kimya likaanza kugonga siku ya kujaza kituo kipya limekupa ushahidi. Hamia kingine, jaza, sikiliza. Ukipata kituo chenye magari mengi na mafuta yasiyokaa tangini kwa wiki, kishikilie. Petroli ya madebe kando ya barabara iwe ya kukuvusha hadi mjini tu.

Jinsi ya kulinganisha mwenyewe

Jaza mpaka pampu ikatike yenyewe mara ya kwanza. Rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Endesha, rudi pampu ile ile, jaza mpaka ikatike tena, gawa kilomita kwa lita. Mshale wa dashibodi si kipimo.

Na usipime kwenda peke yake. Nakuru hadi Kisumu unapanda Mau kisha unashuka kuliko ulivyopanda, unafika mita 700 chini ya ulikoanzia. Petroli yoyote itaonekana ya maajabu. Mwenzako aliyejaza Kisumu akaja Nakuru ataapa kwamba ile ile ni mbovu. Pima kwenda na kurudi, mzigo ule ule, mwendo ule ule, matangi kadhaa ya kila aina. Kwa kusikiliza kugonga, mahali pazuri ni mpando wa kutoka Awasi kwenda Kericho: zima redio, funga AC, teremsha kioo upande wenye ukuta au kingo ya udongo, kisha kanyaga taratibu gia ikiwa ya juu. Ukisikia kugonga kwenye gari la kawaida lenye Super ya kituo unachokiamini, mwone fundi kwanza: masizi ndani ya silinda, plagi zisizo zake, majira ya cheche yaliyochezewa. Petroli ghali italinyamazisha, lakini utakuwa unalipa kila tangi kuficha kazi ya mara moja.

Mwenye turbo aliyekwama Siaya ndani au Ndhiwa, ambako kituo cha karibu kina Super tu, aweke ya kumtosha kufika mjini, asijaze. Petroli hizi huchanganyika bila shida. Mpaka atakapoongeza ya RON kubwa, apande milima kwa gia ya chini, asiikanyage turbo mpaka itoe sauti, na kama AC inazimika, aizime.